Hatimaye Gari la Baba Nimo Limeoshwa

Jumapili, jioni. Jua limechoma Ruiru kutwa nzima bila hata wingu la kusingizia, na leo sijalilalamikia hata kidogo. Leo jua lilikuwa upande wangu.

Githeri inachemka jikoni. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma na simu mkononi, na nina furaha mbaya. Sijui kama kuna jina la heshima zaidi la kuiita. Ni ile furaha ya kumwona mtu aliyekucheka akitafuna kicheko chake mwenyewe, na wewe umekaa karibu kiasi cha kusikia taya zikifanya kazi.

Wacha nieleze vizuri, maana nikilala bila kuandika kesho nitajifanya mtu mzuri.

Gari langu ni dogo na la zamani. Rangi yake ni maruni, imekolea hivi kwamba likiwa kivulini unaweza kuapa ni jeusi. Rangi hiyo ilipigwa na baba yangu. Alikuwa fundi wa kupaka magari rangi pale Thika, kwenye zile gereji za mabati, kazi aliyokuwa akiifanya tangu sijazaliwa. Langu alilipiga alfajiri, kabla upepo haujaamka, ndani ya kibanda alichokizungushia mashuka makuukuu, sakafu ameimwagia maji ili vumbi lilale. Alipuliza tabaka nyembamba, akangoja ikauke, akapuliza nyingine. Mikono ilikuwa tayari imeanza kutetemeka. Alipomaliza aliosha mashine yake ya kupulizia, akamkabidhi fundi mwenzake, akahamia shambani Gatuanyaga.

Gari langu ndilo la mwisho alilolipaka. Hakutakuwa na lingine.

Kila kitu ninachoandika hapa kinaanzia hapo.

Sasa, huku kwetu Gatongora, Jumapili ina utaratibu wake. Ukitoka kanisani unapeleka gari kwa Baba Nimo. Baba Nimo ana carwash, na kando ya carwash ana mahali pa nyama choma, kwa hivyo unaacha funguo kwa waoshaji, unaingia ndani, unaagiza nyama, unanawa mikono. Ukimaliza kula unakuta gari linang'aa kama la bwana harusi. Hakuna anayetazama vile linavyooshwa. Sote tunakaa tukiwa tumeangalia jiko la nyama, na magari yako nyuma ya migongo yetu. Nafikiri mahali pale palijengwa hivyo makusudi, lakini labda ni hasira inayonifanya niseme hivyo.

Nilipeleka gari langu huko Jumapili baada ya Jumapili. Kila mtu alikuwa akipeleka. Na kwa kuwa mara nyingi nilikuwa nimetoka Gatuanyaga kumwona Baba, lilifika likiwa limejaa ule mchanga wa kule, ule unaoingia hadi kwenye meno.

Siku moja nililiegesha nje ya duka langu la sare za shule, hapa mjini Ruiru, saa saba mchana. Nikatoka kutafuta chenji, nikalitazama boneti, nikasimama.

Duara. Duara ndogo ndogo juu ya duara, nyembamba kama nywele, zimezunguka pale jua lilipopiga. Ilikuwa kama buibui wamefanya kazi usiku kucha. Nikajaribu kuzifuta kwa kidole, kisha kwa ncha ya leso yenye mate, kama mjinga. Hazikufutika kwa sababu hazikuwa juu ya rangi. Zilikuwa ndani ya rangi.

Jumapili iliyofuata sikuingia kwenye nyama. Nilisimama upande wa magari na kutazama.

Mwoshaji mmoja, jamaa wa gamboti, alikuwa na brashi moja ya mpini mrefu. Alisugua nayo matairi ya pikapu iliyotoka kubeba mawe, akasugua chini ya madigadi, akaichovya kwenye ndoo iliyokuwa na rangi ya chai, halafu akapanda nayo moja kwa moja kwenye paa la gari lililofuata. Mchanga wote ulikuwa bado kwenye zile nywele za brashi. Sabuni ilikuwa ile ya unga ya kufulia. Kitambaa cha kukaushia kilikuwa kimeanguka chini, kikaokotwa, kikakung'utwa mara moja kwenye goti. Mwisho wakapuliza mchanganyiko wa dizeli ili liwake, na kweli likawaka. Linawaka mpaka ufike nyumbani. Halafu ule ute unakamata vumbi lote la barabara, na Jumatatu wewe mwenyewe unachukua kitambaa kikavu na kuongeza mikwaruzo yako juu ya yao.

Nilienda kumwambia Baba Nimo. Nilienda kwa adabu, naapa. Nilimkuta anakata mbavu, watu wamejaa, nikamwomba atoke nje kidogo akaone boneti langu. Alitoka. Wateja wenye nyama midomoni nao wakatoka, kwa sababu watu wa hapa hawapitwi.

Aliangalia akiwa amesimama wima, hata hakuinama.

"Madam," akasema, kwa sauti ya watu wote, "hiyo si carwash. Hiyo ni rangi. Ulipigiwa na fundi wa jua kali, sindio? Hizo rangi za kupiga nyuma ya mabati haziwezi maji. Gari ya rangi ya kampuni haiharibikangi hapa."

Wakacheka. Mmoja, jamaa mnene wa kofia ambaye hukaa meza ya karibu na jiko kila Jumapili, akaongeza kwamba labda nilipigiwa rangi ya geti. Wakacheka zaidi.

Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilicheka nao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda Gatuanyaga kwa pikipiki kutoka Thika. Namwambia Baba gari liko kwa fundi wa breki. Anauliza breki gani hizo zisizokwisha, namwambia vipuri vimekuwa shida. Ningempelekea vipi? Macho yake bado ni mazima. Angeona kabla sijazima injini.

Sikuwa na mpango wowote, lazima niseme ukweli. Nilikuwa na hasira tu, nikiibeba huku na huku kama mtoto asiyetaka kushuka mgongoni. Kisha Jumamosi moja nikaenda kurudisha sufuria.

Mama Nimo, mke wake, ni rafiki yangu. Tunaimba kwaya pamoja na nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa miiba ya kei-apple tu. Nilipita mlango wa nyuma asubuhi mapema, sufuria kubwa kichwani, na nikamkuta Baba Nimo uani kwake akiosha gari lake.

Ana gari jeusi, kubwa, jipya kwa jinsi magari yanavyokuwa mapya hapa Kenya. Kazini huenda na pikapu. Hilo jeusi ni la kanisani na la kuendea kwa wakwe.

Alikuwa peku. Gari lilikuwa kivulini. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuza kitambaa, na kila akipitisha kitambaa mara moja alikisuuza, akakikamua, akakitazama kwanza. Alianzia juu akishuka. Matairi yalikuwa na kitambaa chao, na ndoo yao kando kabisa. Alikuwa akifanya polepole, kwa upendo, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo.

Aliponiona akashtuka kana kwamba nimemkuta bafuni.

"Aii, Wambo. Ni mazoezi tu, daktari alisema nikuwe nikifanya mazoezi."

Nikaweka sufuria chini. Nikasema lo, hongera kwa mazoezi. Nikarudi kwangu nikakaa kwenye hizi ngazi nilizokalia sasa.

Kwa hivyo alijua.

Huyu mtu hakuwa mjinga. Mjinga ningemsamehe, hata mvivu ningemsamehe nikishiba. Lakini alijua hasa kile brashi ile inachofanya, alijua kiasi cha kutoisogeza karibu na gari lake hata siku moja, halafu akasimama mbele ya watu akasema kosa ni la mkono wa baba yangu.

Hapo ndipo nikaanza kuomba Mungu vitu ambavyo havifai kuombwa.

Na leo vikaja vyenyewe. Mama Nimo alikuwa anataka kwenda kumwona mamake kule Kalimoni, na alikuwa na magunia ya kupeleka ambayo hayangeingia kwenye gari langu. Bado hajamaliza shule ya udereva. Baba Nimo ana nyama zake Jumapili. Basi akaniomba nimwendeshee lile jeusi. Baada ya ibada ya kwanza, Baba Nimo mwenyewe akanikabidhi funguo.

"Enda pole pole," akaniambia. "Na ukirudi usiipanguze. Usiguse na kitambaa. Acha hiyo vumbi hivyo hivyo, nitaiosha mwenyewe."

Aliniambia hivyo mimi. Usoni. Kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kiko wapi.

Barabara ya kwa mamake Mama Nimo ni vumbi tupu wakati huu. Tulikula huko, tukapewa ndizi, tukaombewa. Kufikia wakati wa kurudi, lile gari jeusi lilikuwa jekundu. Tukiwa tunakaribia Ruiru nikamwambia Mama Nimo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni aibu kupita na gari chafu hivi mbele ya watu wa kanisa, na carwash ni yao.

Sauti hiyo ya kawaida nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu Juja.

"Hapendangi iguswe," akasema Mama Nimo. Kisha akafikiri. "Lakini kusema ukweli, hata mimi hushangaa. Mtu ana carwash na gari haijawahi kuoshwa huko? Peleka. Peleka kabisa, nataka kuona atasema nini."

Jamaa wa gamboti hakulitambua gari. Angelitambuaje, na halijawahi kukanyaga pale? Nikampa funguo, nikamwambia full wash, kama kawaida yenu, msinifanyie upendeleo. Halafu nikafanya kitu ambacho wateja wa pale hawafanyi. Nilichukua kiti, nikakigeuza, nikakaa nikiwa nimeangalia magari. Mama Nimo naye akageuza chake. Watu wakaona viti viwili vimegeuka, nao wakaanza kugeuka, maana nimeshasema watu wa hapa hawapitwi.

Brashi ilikuwa imetoka kwenye lori la mchanga. Niliiona kwa macho yangu. Ikachovywa kwenye ile ndoo ya chai, ikapanda.

Wakati huo Baba Nimo akatoka jikoni na ubao wa nyama, anampelekea yule jamaa mnene wa kofia.

Akaona.

Ningeweza kuandika ukurasa mzima kuhusu uso ule. Mdomo ulifunguka. Mkono mmoja ulitoka kwenye ubao ukainuka kidogo, kama wa mtu anayesimamisha pikipiki. Nilijua neno lililokuwa kooni. Ilikuwa "wacha". Neno dogo tu. Lakini angesema wacha, wateja wote waliokaa pale, kila mmoja na gari lake kwenye foleni, wangeuliza wacha nini, na kwa nini.

"Kumbe hiyo ni yako, Baba Nimo?" akauliza yule wa kofia. "Imekuja kwa mwenyewe leo! Hebu tuione ikipigwa hiyo kazi."

Na mimi nikasema, nikiwa nimetabasamu hadi masikio: "Na si ni rangi ya kampuni? Hiyo haiharibikangi hapa."

Alinitazama. Nikamtazama. Tukaelewana vizuri sana, kuliko vile nimewahi kuelewana na mtu yeyote.

Mkono ukashuka. Akacheka, ha ha, ya meno peke yake. Akaweka ubao mezani, akakaa. Yule wa kofia akamsukumia kipande cha ubavu. Akala. Sijui kama alisikia ladha. Brashi ilikuwa ikizunguka kwenye boneti, ikitoa ule mlio wa mchanga kwenye bati, na kila ilipozunguka jicho lake la kushoto lilijikunja, na aliendelea kutafuna. Mama Nimo alikuwa akipiga makofi. "Angalia vile inatakata!" akasema, maskini, bila hila yoyote.

Nilimwonea huruma Mama Nimo. Gari ni lake pia. Huruma ilidumu kwa muda wa kula kachumbari, kisha ikaisha.

Walipomaliza, na kitambaa cha goti, na dizeli ya kung'arishia, nilisimama nikatembea hadi pale. Jua lilikuwa bado linachoma. Baba Nimo alinifuata. Tuliinama wote wawili, safari hii hata yeye aliinama, tukatazama boneti. Chini ya ule mng'ao wa dizeli buibui walikuwa wameshafika.

"Wambo," akasema polepole, hakuna madam tena. "Lete ile yako kesho. Nitaleta mtu wa mashine aipige buffing, bure. Itarudi kama mpya. Halafu haya maneno tuyawache hapo."

Nikamwambia nitafikiria.

Nikaenda kwangu nikachukua gari langu, lile la maruni, mikwaruzo na vyote, nikaelekea Thika na kisha Gatuanyaga bila kujifikiria mara mbili. Nadhani ni ushindi ulionilevya. Baba alikuwa ameketi nje ya mlango akisubiri mbuzi warudi. Aliliona gari linaingia, akasimama. Sikumpa nafasi. Nilimsimulia yote nikiwa bado nimeshika usukani, tangu rangi ya geti hadi mlio wa brashi.

Nilitegemea anigombeze. Baba ni mtu wa kanisa.

"Alikuwa anakula nini?" akauliza.

"Mbavu, Baba."

"Na hakutema?"

"Alimeza."

Alicheka hadi akashika ukuta. Alinifanya nirudie pale pa mkono ulioinuka. Alitaka kujua brashi ilianza upande gani, na kama lori lile lilikuwa la mchanga mwembamba au wa kokoto. Nilipomwambia wa kokoto alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, na mkono ule ulikuwa ukitetemeka kama kawaida. Sikuwahi kujua kwamba hasira yangu nimeirithi.

Kisha akatembea hadi kwenye boneti. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa akikiinamisha huku na huku kulifuata jua. Nilisimama kando yake kama mshtakiwa.

Nikamwambia kuhusu mashine ya Baba Nimo. Kwamba zote zingetoka, gari likawa kama siku ile.

"Zitatoka," akasema. "Mashine inakwangua rangi ya juu mpaka ifike mahali mikwaruzo imeisha. Na nilipiga nyembamba, maitu. Mikono ilikuwa inakataa." Yeye huniita maitu, mama, kwa sababu nimebeba jina la mamake. "Ukitaka ing'are, itang'ara. Lakini rangi yangu ndio itaenda na maji. Ni yako. Amua."

Mbuzi walikuwa wamefika.

Nimeamua nikiwa njiani, pale karibu na Juja.

Hakuna mashine itakayoligusa. Nitaliosha mwenyewe, kivulini, kwa ndoo mbili, kama nilivyofundishwa na Baba Nimo bila yeye kujua. Mikwaruzo iliyopo itabaki, kwa sababu iko ndani ya kazi ya baba yangu, na afadhali kazi yake ikiwa imekwaruzwa kuliko mng'ao usiokuwa wake.

Lakini nisijidanganye, mimi si mtu mzuri kiasi hicho.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, nitalipeleka tena kwa Baba Nimo. Silipeleki kuoshwa. Nitaliegesha pale mbele kabisa, kando ya kibao chake, boneti likiwa limeelekezwa kwenye jua, saa saba, wakati meza zote zimejaa. Na Jumapili itakayofuata pia, na ile nyingine. Wateja wakiuliza zile duara ni za nini, nitawaonyesha ile brashi kwa kidole. Nao watainuka na nyama zao mkononi, kila mmoja aende kutazama la kwake.

Na akija kuniuliza nimefuata nini, nitamwambia nimekuja kula tu. Nitaagiza mbavu.